Mtoto Anakataa Kula: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Chakula cha Kwanza

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wazazi na walezi wa watoto wa miezi 6 hadi 12, Kisumu na kaunti jirani, huuliza tena na tena. Mengi huulizwa kwenye foleni ya kupima uzito kliniki, mara nyingi kwa sauti ya chini, kwa sababu kila mama hudhani ni wake pekee anayefunga mdomo. Si wake pekee. Watoto wengi wenye afya njema hukataa vijiko vya kwanza, kisha wakazoea wakipewa muda na chakula kinachofaa.

Ikiwa mtoto wako ni mgonjwa au amelegea, usisome kwa mpangilio. Nenda moja kwa moja kwenye swali la 23.

## Mwanzo

1. Nianze lini kumpa chakula?

Akitimiza miezi 6, yaani siku 180. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanamtosha, na hata maji hayahitaji, hata kwenye joto la Kisumu. Baada ya hapo mambo mawili hubadilika: mwili wake unataka nguvu zaidi ya ile iliyomo kwenye maziwa, na akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua sana. Ndiyo maana kungoja hadi miezi 8 kwa kuwa "bado hataki" kunaweza kumletea upungufu wa damu. Endelea kumnyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi.

Kuna jambo dogo la ratiba. Kliniki ya miezi 6 ni ya vitamini A, na katika maeneo ya kanda ya ziwa ni ya dozi ya kwanza ya chanjo ya malaria pia, chanjo iliyoanza kutolewa Homa Bay mnamo Septemba 2019. Mtoto anaweza kupata homa usiku huo. Usiifanye siku hiyo kuwa ya kijiko cha kwanza. Mwache atulie, siku mbili hazitamdhuru.

2. Nitajuaje kwamba yuko tayari?

Shingo imeshika, anakaa akiegemezwa, na macho yake yanafuata mkono wako kutoka sahani hadi mdomoni. Meno si sharti. Ufizi unaponda ndizi vizuri. Kulia usiku akiwa na miezi 4 si ishara kwamba anataka uji.

3. Chakula cha kwanza kiwe nini?

Nyumba nyingi huanza na uji wa wimbi, na uji wa wimbi ni mzuri. Shida huja unapobaki peke yake mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mtoto akijaa tumbo bila kupata madini ya chuma na protini ya kutosha. Anza na uji ukipenda, lakini ndani ya wiki chache za mwanzo mtoto awe ameonja pia viazi vitamu vya rangi ya chungwa, malenge, avokado, ndizi, maharagwe au ndengu zilizopondwa na kuondolewa maganda, yai lililoiva kabisa, samaki na maini.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinastahili sifa. Aina kama Kabode na Vita zimeenezwa sana kwa wakulima wa Busia, Bungoma na Homa Bay kwa sababu zina kitangulizi cha vitamini A kwa wingi. Vikichemshwa na maganda yake, vikamenywa na kupondwa kwa maziwa ya mama, vina utamu wa asili ambao hata mtoto mgumu mara nyingi huukubali.

Kuhusu nyama na maini: mazoea ya kusubiri mpaka mtoto afikishe mwaka hayana msingi. Chemsha kipande kidogo cha ini la ng'ombe au la kuku mpaka kiive ndani, kisha kikwangue kwa kisu au uma kitoke ungaunga, uchanganye na kiazi. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kuanza, na mara moja au mbili kwa wiki zinatosha kwa ini, maana lina vitamini A nyingi mno.

Hakuna mpangilio maalumu wa kufuata, kwamba mboga zitangulie matunda au nafaka zitangulie nyama. Leta kimoja kipya kwa wakati mmoja, ukae nacho siku mbili tatu, ili kikimsumbua ujue ni kipi.

4. Apewe kiasi gani, mara ngapi kwa siku?

Anza na vijiko 2 au 3 vya mezani kwa mlo. Kati ya miezi 6 na 8, milo 2 hadi 3 kwa siku, ukiongeza polepole hadi nusu kikombe cha mililita 250. Kati ya miezi 9 na 11, milo 3 hadi 4 ya nusu kikombe. Akifika mwaka, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, milo 3 hadi 4, na kitu cha kutafuna katikati akitaka.

Hivi ni vipimo vya kukuelekeza tu. Mtoto anayekula vijiko vinne leo na kumi kesho, huku mstari wake kwenye kadi ya kliniki ukipanda, anakula vya kutosha.

5. Uji uwe mzito kiasi gani?

Mzito kuliko unavyodhani. Tumbo la mtoto wa umri huu lina nafasi ya takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 7 anashiba kwa mililita 210. Ukimjaza uji mwepesi unaopita kwenye chupa, nafasi hiyo imeliwa na maji. Chukua kijiko, kiinamishe: uji unaofaa unashikilia kijiko na kudondoka taratibu. Ukimwagika kama chai, rudisha jikoni.

Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto anayekataa hataweza kumeza uji mzito. Hapo ndipo kimea kinasaidia, na nyanya zetu walikijua zamani. Loweka wimbi usiku kucha, mwaga maji, tandaza kwenye kitambaa kibichi na kufunika siku mbili tatu hadi ziote, anika juani zikauke kabisa, zisugue kuondoa vichipukizi, kisha saga. Pika uji mzito wa kawaida, mzito hadi ushike mwiko. Epua, uache upoe kidogo, tia kijiko cha chai cha unga wa kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache utauona ukilegea mbele ya macho yako na kuanza kutiririka, bila kuongeza hata tone la maji. Rudisha motoni uchemke tena kabla ya kumpa, kwa sababu kimea kibichi kinaweza kuwa na vijidudu. Unga ni uleule, nguvu ni ileile, ila sasa unamezeka kwa urahisi.

Uji uliochachushwa, ule ambao wengi kando ya ziwa wamekulia, pia unafaa mradi uwe umechemshwa vizuri. Uchachu hausumbui watoto wengi, na unausaidia mwili kunyonya madini yaliyomo kwenye nafaka.

6. Je, unga wa mchanganyiko wa dukani au sokoni, wenye nafaka saba, soya, karanga na omena (dagaa)?

Kwa mtoto anayeanza, mimi nasema hapana. Soya na maharagwe huhitaji moto wa muda mrefu kuliko wimbi, kwa hiyo uji ukiiva nafaka, kunde bado ni mbichi na hukoroga tumbo. Omena na karanga zilizosagwa hupata harufu mbaya haraka zikikaa. Tena mtoto akitoka vipele hutajua ni kwa sababu ya nini. Nunua wimbi au mtama soko la Kibuye, chagua mawe, sagisha nafaka moja au mbili, halafu protini uiongeze kwenye sahani siku ya kula.

Nafaka au karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu, tupa. Usizioshe, usizikaange, usizipunguzie kwa kuchanganya na nzuri. Sumu ya ukungu huo haiondoki kwa moto wa jikoni. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya.

7. Vipi chumvi, sukari, chai, asali na maziwa ya ng'ombe?

Chumvi na sukari: hapana kwa mwaka wa kwanza. Chai, hata ya maziwa, hapana. Inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Asali ni marufuku kabla ya mwaka kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolemaza misuli ya mtoto mchanga. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yanaweza kutumika kidogo kupikia uji au mboga, lakini yasichukue nafasi ya maziwa ya mama kabla ya mwaka. Maji safi yaliyochemshwa, mpe kwa kikombe, kidogokidogo baada ya kula.

## Anapokataa

8. Anatema kila kijiko. Maana yake hapendi?

Si lazima. Tangu azaliwe ulimi wake umejua kazi moja, ya kusukuma mbele anaponyonya. Ukimtilia kiazi, ulimi unafanya kazi ileile na kiazi kinarudi kidevuni. Kifute kwa kijiko, umrudishie. Weka kidogo, nusu ya kijiko cha chai, katikati ya ulimi, usubiri. Wengi hujifunza ndani ya wiki mbili tatu. Uso wa kukunja nao usikutishe. Ladha ni mpya, na mtoto hana namna nyingine ya kulisema hilo.

9. Anafunga mdomo kabisa na kugeuza uso. Nifanye nini?

Hili ndilo swali kuu, na jibu lake linaanza na kugawana kazi. Wewe unachagua chakula, saa na mahali. Yeye anachagua kama atakula na kiasi gani. Mzazi akichukua kazi zote mbili, vita huanza, na mtoto wa miezi 7 anajua kushinda vita hiyo.

Tazama saa kwanza. Mtoto aliyenyonya dakika kumi zilizopita hana nafasi. Aliyekaa na njaa hadi analia hana subira, anataka titi. Saa moja hivi baada ya kunyonya, akiwa ameamka vizuri, ndipo penye nafasi. Mkalishe wima, uso wake ukutazame, si kulala mapajani. Zima redio. Uwe na sahani yako pia, na ule mbele yake. Watoto huanza kutamani kwa kuona.

Kisha mpe nafasi ya kushika. Mwekee kipande cha kiazi kilichoiva hadi kinapondeka kwa vidole viwili, au ndizi. Atakifinya, atajipaka nywele, atakiangusha. Kidole kinachoingia mdomoni na chakula juu yake ni mlo wa kwanza kwa watoto wengi wanaochukia kijiko. Wengine hukataa kijiko cha chuma tu, kwa ubaridi au ugumu wake. Jaribu cha plastiki au kidole chako kilichonawishwa.

Leta kijiko hadi karibu na midomo na usimame hapo. Akifungua, tia. Akigeuza uso, shusha, ongea naye, jaribu tena baada ya dakika moja. Akigeuza mara ya tatu, mlo umekwisha. Usiupitishe nusu saa. Ondoa sahani kwa uso uleule uliouleta nao, bila kufoka wala kubembeleza. Mlo ujao unakuja baada ya saa mbili tatu.

Ladha anayoijua husaidia: kamulia maziwa yako kwenye kiazi au malenge hadi yalainike.

10. Nijaribu chakula kimoja mara ngapi kabla ya kukubali kwamba hakitaki?

Mara 8 hadi 10 kwa siku tofauti, na kwa wengine hadi 15. Wazazi wengi huacha baada ya ya tatu na kusema "huyu hali malenge." Kionjo kimoja kila mara kinatosha. Weka kijiko kimoja cha anachokikataa kando ya anachokipenda, usikifiche ndani yake, la sivyo ataanza kushuku hata kile cha kwanza.

11. Anataka kunyonya tu, mchana na usiku. Niache kumnyonyesha ili apate njaa?

Usifanye hivyo, wala usijipake shubiri wala pilipili. Katika umri wa miezi 6 hadi 8 maziwa bado yanabeba sehemu kubwa ya nguvu ya siku. Ukiyaondoa na chakula hakijashika, mtoto atapungua uzito ndani ya wiki chache. Panga saa tu: titi asubuhi akiamka, chakula baadaye, kama ilivyo kwenye swali la 9. Ikiwa ananyonya mfululizo usiku, mnyonyeshe zaidi mchana, taratibu atahamisha njaa yake.

12. Kwa nyanya yake anakula, kwangu anagoma. Kwa nini?

Kwako ananusa maziwa. Mwache baba, nyanya au dada wa nyumbani amlishe mlo mmoja kwa siku, wewe ukiwa chumba kingine.

13. Mama mkwe anasema nimlishe kwa nguvu, watoto wote walilelewa hivyo.

Wapo wanaomlaza mtoto mapajani, wakaziba pua na kumimina uji kwa kiganja mpaka ameze ili apumue. Hii ni hatari kubwa. Uji huingia kwenye njia ya hewa na unaweza kusababisha nimonia au kumuua papo hapo. Hata anaponusurika, anajifunza kuogopa kijiko, sahani na mtu aliyeishika, na ukataaji unaongezeka.

Ukiongea na mama mkwe, usianze na makosa yake. Mpe kazi: mwombe aandae kimea, akae mezani na mtoto, amlishe kwa njia ya swali la 9. Mwambie pia umetumwa na nesi. Nyanya wengi wanataka tu kuona mjukuu akinenepa, na wakiona uji mzito unashuka bila kilio huwa watetezi wakubwa wa njia hii.

14. Nikimwekea katuni kwenye simu anafungua mdomo. Kuna ubaya?

Upo. Anameza bila kujua anakula, hivyo hajifunzi kuhisi njaa wala shibe, na baada ya mwezi hatakula bila simu.

15. Alikuwa anakula vizuri, ghafla ameacha. Imekuwaje?

Angalia mdomoni: jino linalotoka, vidonda, au utando mweupe usiofutika. Angalia pua, aliyeziba pua hawezi kula na kupumua. Pima joto. Huku kwetu homa yoyote ni ya kupimwa malaria siku hiyohiyo. Akiwa mgonjwa mnyonyeshe zaidi, mpe kidogo mara nyingi vile anavyovipenda, na usianzishe kipya. Akipona, mwongezee mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili ili arudishe uzito.

Kama ana afya na anacheza, huenda ni siku chache za kula kidogo tu. Hupita.

16. Ana miezi 10 na anakubali vitu laini tu. Kipande kidogo anatapika.

Huyu amezoea blenda. Ulimi na taya hujifunza kutafuna kati ya miezi 7 na 10, na anayekosa mazoezi hayo huwa mgumu zaidi baadaye. Badilisha hatua kwa hatua: leo ponda kwa uma badala ya blenda, wiki ijayo acha mabonge madogo laini, halafu vipande vya kushika. Mukimo uliopondwa bila mahindi mazima, kama wengi wanavyoupika Nakuru, ni hatua nzuri ya katikati.

## Vyakula vya kwetu

17. Omena na samaki anaweza kula? Nitaziandaaje?

Anaweza tangu mwanzo, na ningesikitika kuona mtoto wa Dunga analishwa wanga mtupu huku omena zimeanikwa nje. Omena huliwa na mifupa yake, hivyo hutoa kalisi pamoja na protini, chuma na zinki.

Kazi kubwa ni mchanga. Chagua mawe, tia omena kwenye maji moto, zisugue polepole, uziache zitulie. Utaona maji yakigeuka ya kijivu na mchanga ukikaa chini ya karai. Zitoe kwa mkono kutoka juu, usimwage pamoja na maji, kisha rudia hadi ukipapasa chini ya karai usisikie chembe. Toa vichwa kama uchungu wake unamkera. Zikaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka zivunjike ukizibana kwa vidole, zitwange, uchekeche. Tengeneza za wiki moja tu, uzifungie kwenye kopo kavu. Kijiko cha chai juu ya kiazi au uji kinatosha kwa mlo.

Kwa samaki wakubwa, mbuta (sangara) ni rahisi kuanzia: mifupa yake ni mikubwa, inaonekana. Ngege (perege) ni mtamu lakini ana mifupa myembamba ubavuni, hivyo mpapase kwa vidole mara mbili kabla ya kumponda. Samaki wa chumvi na wa kukaangwa kando ya barabara, waache kwa sasa.

18. Anakataa mboga za kienyeji, hasa osuga (mnavu).

Uchungu humkera mtoto yeyote. Anza na kunde, terere, au majani ya malenge. Mrenda huteleza na humezeka upesi, ingawa wapo wasioupenda kwa utelezi huohuo. Osuga ichemshwe, ilale na maziwa, ipondwe na kiazi. Pika mpaka ilainike, katakata sana, tia mafuta kidogo. Ukimpa paipai au tone la maji ya chungwa katika mlo huohuo, mwili wake utapata chuma zaidi kutoka kwenye mboga na maharagwe.

19. Mayai na karanga hazileti aleji? Tena nasikia yai huchelewesha kuongea.

Yai halihusiani na kuongea hata kidogo. Na kuhusu aleji, ushauri wa zamani wa kuchelewesha umebadilika: watoto wanaoonja yai na karanga mapema baada ya miezi 6 wana uwezekano mdogo zaidi wa kupata aleji. Yai liive lote, kiini na ute. Siagi ya karanga isiyo na chumvi wala sukari ikorogwe ndani ya uji hadi ilegee. Usimpe kwa kijiko ikiwa nzito, wala karanga nzima. Mpe asubuhi ili umwangalie mchana kutwa. Midomo kuvimba, vipele mwili mzima, kutapika mfululizo au kukorota ni sababu ya kwenda hospitali mara moja. Kama ana ukurutu mkali wa ngozi, zungumza na daktari kabla ya kujaribu karanga.

20. Ninaogopa atapaliwa. Nitatofautishaje?

Anayekohoa, kutoa ulimi na kutokwa machozi anajiokoa mwenyewe. Mwache, usimtie kidole mdomoni. Anayenyamaza, asiyetoa sauti, midomo ikigeuka rangi, amezibwa. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mpige makofi 5 thabiti kati ya mabega. Ikishindikana, mgeuze, bonyeza kifua kwa vidole viwili katikati mara 5. Rudia huku mwenzako akitafuta gari. Usimpe karanga nzima, bisi, mahindi ya kuchemsha, pipi, wala zabibu nzima, na asile akiwa amelala au mgongoni.

## Kazini, na hali za kipekee

21. Narudi kazini. Nimwachie dada chakula gani?

Kwa joto la Kisumu, chakula kilichopikwa asubuhi hakifai mchana kikikaa wazi. Muda wa saa mbili ndio mwisho bila friji. Mwachie vitu visivyopikwa mapema: avokado nzima, ndizi, yai la kuchemsha akihitaji, na unga uliopimwa wa uji. Uji ukiwekwa ndani ya thamosi safi ukiwa unachemka hukaa vizuri zaidi kuliko kwenye bakuli. Kilichobaki sahanini baada ya mdomo wa mtoto hutupwa. Mkono wa dada na wa mtoto uoshwe kwa sabuni kila mlo. Mtoto anayeharisha hana hamu ya chochote.

Kamua maziwa. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea na kukamulia. Mfundishe dada swali la 9 kwa kumwonyesha ukilisha.

22. Mtoto alizaliwa njiti; mwingine ana seli mundu; mimi ninaishi na HIV. Mambo yanabadilika?

Kwa njiti, umri huhesabiwa kutoka tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, na daktari ndiye atakayesema lini aanze. Kwa mwenye seli mundu, vyakula vyote vilivyotajwa hapa anaruhusiwa, lakini usimpe sharubati ya chuma bila daktari wake.

Kwa mama anayetumia ARV, usiache kunyonyesha kwa sababu chakula kimeanza. Nyonyesha hadi angalau mwaka, na unaweza kuendelea hadi miaka 2 au zaidi, mradi usikose dawa na mtoto amalize dawa na vipimo vyake vyote. Asiwepo mtu wa kumtafunia mtoto chakula. Damu ya ufizi inaweza kubeba virusi, na mate hubeba vijidudu vya kuozesha meno.

Kuna wanaouliza kuhusu sharubati za kuongeza hamu zinazouzwa kemisti. Nyingi ni dawa za aleji zinazoleta usingizi na hazifai chini ya miaka 2. Wengine huambiwa mtoto akatwe kilimi, au atolewe "meno ya plastiki", au kwamba ameangaliwa kwa jicho baya na anahitaji kutolewa sihoho. Kinachotolewa ufizini ni chimbuko la meno halali ya mtoto, na wembe huo humwacha na damu nyingi, maambukizi, hata pepopunda. Sikuombi ugombane na mzee aliyekushauri. Nakuomba mtoto apimwe hospitali kwanza, kabla ya wembe wowote.

23. Lini niache kusubiri na kwenda hospitali?

Siku hiyohiyo, hata usiku: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa kasi au kifua kinabonyea, ana homa, au anaharisha huku macho yameingia ndani. Kwa kuhara, mpe maji ya ORS njiani, na uliza zinki: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi.

Wiki hii, bila dharura: uzito haujapanda kwenye kadi kwa vipimo viwili mfululizo, viganja vimepauka, amefika miezi 8 na bado hamezi chochote kigumu, anakohoa au kupaliwa karibu kila mlo, au chakula kinatokea puani. Mhudumu wa afya wa mtaa ana utepe wa rangi wa kupima mkono: kijani ni sentimita 12.5 na zaidi, njano ni kati ya 11.5 na 12.5, nyekundu ni chini ya 11.5. Njano inataka kliniki ya lishe. Nyekundu inataka hospitali leo.

Beba kadi ya kliniki, endelea kumnyonyesha njiani, na ukifika usikae kwenye foleni kimya. Mwambie nesi wa kwanza unayemwona: "Mtoto huyu hanyonyi tangu saa fulani."